Siku Kumi na Nne za Kasi ya Bi Breki

Fundi viatu wa mtaa ule alivijua viatu vya Bi Breki bila kuambiwa ni vya nani. Kila baada ya miezi michache vilimfikia vikiwa na ugonjwa uleule: kiatu cha kushoto kizima, cha kulia soli imelika chini ya kidole gumba kama imepigwa msasa. Fundi alikuwa akibandika kipande kipya, anatikisa kichwa na kusema, "Huyu mama anagombana na nani?"

Hakuwa anagombana na mtu. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari la mwalimu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na kwa miaka thelathini na moja mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa juu ya ile ya pili, tayari.

Alianza kazi akiwa karani wa mapokezi katika shule ya udereva, akijaza fomu na kupokea simu. Asubuhi moja mwalimu hakutokea, na mwanafunzi wake, mzee mmoja aliyekuwa na mtihani kesho yake, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu milango ifunguliwe, kofia imelala magotini. Karani akamtazama mzee, akaitazama saa ya ukutani, akachukua funguo. Leseni alikuwa nayo, gari lilikuwepo, mzee alikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuthubutu. Walizunguka mji kwa saa mbili. Mzee alifaulu, na karani hakurudi tena nyuma ya meza.

Jambo lililomtofautisha na walimu wenzake lilikuwa daftari. Kila siku aliyolazimika kukanyaga breki yake, jioni aliandika: tarehe, mahali, kilichotokea, na sababu. "Kona ya soko. Kaangalia kioo, kasahau barabara. Sababu: woga." "Mzunguko wa kwanza. Kampungia mkono shemeji yake. Sababu: shemeji." Madaftari yalikuwa yamefika kumi na moja, yamepangwa juu ya kabati la vyombo. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemgonga mtu akiwa mikononi mwake. Wenzake walipomsifu kwa hilo, alijibu neno moja tu na kubadilisha mazungumzo: "Bahati." Lakini waliowahi kukaa naye ndani ya gari walijua kwamba bahati haiandikwi kila jioni kwa mwandiko mzuri namna ile.

Gari lake la petroli lilipochoka kabisa, aliushangaza ukoo mzima kwa kununua gari la umeme. Alitoa sababu zake: halina kelele, kwa hiyo mwanafunzi anamsikia bila yeye kupaza sauti, na halizimiki katikati ya makutano mtu akababaika. Aliyeumia zaidi ni mdogo wake wa kiume, fundi wa injini ambaye watu wote walimwita Dizeli. Kwa Dizeli, gari lisilonguruma halikuwa gari. Aliliita pasi.

"Pasi yako imepata moto, dada?" alikuwa akiuliza kila alipopita.

"Imepata. Lete shati lako tulinyooshe, maana limekunjamana kama wewe."

Basi mambo yalikuwa hivyo kwa miaka miwili, mpaka siku muuzaji wa kampuni iliyomuuzia gari alipompigia simu. Alikuwa mtu wa maneno laini, yale ya kumtoa nyoka pangoni.

"Mama, gari lako lina nguvu ambayo hujawahi kuionja," alisema. "Imelala humo ndani. Sisi tunaiamsha tu."

"Ililazwa na nani?"

Muuzaji akacheka kidogo. "Kiwandani, mama."

"Kwa hiyo mimi nilinunua gari, nguvu yake mkabaki nayo nyinyi."

Muuzaji hakukata tamaa. Alieleza kwamba kuna kifurushi cha kuongeza nguvu. Hakuna chuma kinachofungwa. Ni programu inayoingizwa kwenye kompyuta ya gari, na baada ya hapo gari linaondoka kwa kasi ya kumshangaza mwenyewe. Bei yake ingetosha kuvisha gari matairi mapya mara mbili, lakini angepewa siku kumi na nne za kujaribu bure. Asipokipenda, kinaondolewa, wanabaki marafiki.

"Mimi nafundisha watu kwenda polepole," alisema Bi Breki. "Kasi ya nini?"

"Usalama, mama. Unaingia barabara kuu, lori hilo linakujia. Unakanyaga, umeshatoweka. Kasi inaokoa maisha."

"Mangapi?"

"Samahani?"

"Hayo maisha. Inaokoa mangapi?"

Muuzaji alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo. Bi Breki hakuwa anamkejeli. Kuokoa maisha lilikuwa jambo alilolifanyia kazi kila siku, na alitaka kujua.

Jibu alikwenda kulitafuta mwenyewe. Aliyashusha madaftari yote kumi na moja, akaketi mezani kwa jioni tatu mfululizo, kalamu nyekundu mkononi. Alisoma kila mstari. Zilikuwa mara zaidi ya elfu nne alizokanyaga breki. Alitafuta kitu kimoja tu: ni wapi ambapo kukimbia kungesaidia kuliko kusimama? Alipata mara saba. Akazipitia tena zile saba moja moja. Katika tano, gari lilikuwa na nguvu ya kutosha tangu mwanzo, ila mwanafunzi alikuwa ameinua mguu kwa hofu. Zikabaki mbili, na moja kati ya hizo ilihusu mbwa aliyekuwa akimfukuza mwendesha pikipiki.

Alimsomea Dizeli matokeo hayo akitegemea ataungwa mkono. Dizeli alikuwa ameegemea mlango, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Dada, daftari halina magurudumu," alisema. "Umesoma habari za gari ambalo hujaliendesha. Kajaribu kwanza, halafu ukatae. Ukikataa bila kujaribu, utakuwa umefanana na mimi na pasi yako."

Bi Breki aliiweka chini kalamu nyekundu. "Hapo umesema," akajibu.

Alifanya kama alivyofanya kila kitu, yaani kwa utaratibu. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, ambacho siku hizi kilitumiwa na shule za udereva. Siku moja kabla ya kupeleka gari kwa muuzaji, alikwenda huko na Dizeli, wakapanga koni, wakachora mistari ya chaki kwenye lami, na kupima gari likiwa kama lilivyo. Kutoka kusimama mpaka kilomita sitini kwa saa: sekunde tatu na nusu na ushee. Kesho yake kifurushi kikaingizwa, na asubuhi iliyofuata wakarudi palepale, koni zilezile, saa ileile ya Dizeli ya kupimia.

Bi Breki alikaa kwenye usukani peke yake, Dizeli amesimama pembeni mkono juu. Mkono uliposhuka, akakanyaga mpaka chini.

Kiti kilimpokea mgongoni kama mtu aliyemkumbatia kwa nguvu. Koni zikapita kushoto kabla hajazihesabu. Hakupiga ukelele. Alicheka, kicheko kikubwa kilichomshtua mwenyewe, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka akiwa ndani ya gari bila kuwa na sababu ya kumtuliza mtu. Mguu ule, uliokesha miaka thelathini na moja juu ya breki, ulikuwa haujawahi kuruhusiwa kufanya kinyume chake. Alipofika mwisho wa kiwanja na kusimama, alijikuta amelishika sikio lake, kama anahakikisha bado lipo.

"Ngapi?" alimuuliza Dizeli.

"Sekunde tatu kasoro kidogo. Dada, hiyo pasi imegeuka risasi!"

"Turudie. Kipimo kimoja hakiaminiki."

Walirudia mara nane. Kwa ajili ya vipimo, mara tatu zingetosha, na wote wawili walilijua hilo, lakini hakuna aliyelisema. Mara ya tisa Dizeli aliomba kukaa pembeni yake. Waliporudi akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi, "Sawa. Ni gari."

Kwa hiyo ukweli ulikuwa pande mbili. Upande mmoja, kwa vipimo, kilichoongezeka katika mwendo wa mjini hakikufika hata sekunde moja. Upande mwingine, alikitamani. Usiku alijipa sababu mbalimbali, kisha akazitupa moja baada ya nyingine, maana alijijua: sababu zote zilikuwa nguo za kuivisha tamaa.

Na wanafunzi je? Kwenye skrini ya gari kulikuwa na kitufe cha mwendo wa upole, kinachorudisha tabia ya zamani. Tatizo ni kwamba kila gari lilipozimwa na kuwashwa tena, lilirudi lenyewe kwenye kasi. Bi Breki akajiwekea sheria: kabla mwanafunzi hajagusa usukani, kitufe kwanza. Siku ya kwanza alibonyeza. Ya pili, ya tatu, alibonyeza.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya mkunga.

Mkunga huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa. Zamani aliwahi kuwa abiria katika gari lililopinduka, na tangu hapo alikuwa akipanda viti vya nyuma na kufumba macho. Sasa kituo chake cha afya kilikuwa kimepata gari dogo la kuwafuata wajawazito majumbani, dereva alikuwa amehama, na hakukuwa na mtu mwingine. Alipiga moyo konde akaja kujifunza. Somo la kwanza hawakuwasha hata gari. Walikaa tu ndani, milango wazi, wakizungumza. Iliwachukua wiki sita kufika kwenye barabara yenye magari.

Asubuhi ile mkunga alifika anatabasamu. "Mwalimu, jana nimeota naendesha," alisema kabla hata ya salamu. "Na sikuogopa! Nilikuwa nimewabeba mama na mtoto nyuma, naimba kabisa!"

Bi Breki alifurahi kama amepewa zawadi. Alimkumbatia, akamwambia aingie, akafunga mkanda huku anauliza alikuwa akiimba wimbo gani. Mkunga akaangalia vioo, akawasha indiketa, akakanyaga kwa uzito uleule aliofundishwa.

Gari likaruka. Mbele yao lilikuwa limeegeshwa gari la mikate, milango ya nyuma wazi, mtu anashusha kreti. Mguu wa Bi Breki ulifika kwenye breki kabla akili yake haijajua kinachoendelea. Walisimama upana wa kiganja kutoka kwenye kreti. Mtu wa mikate aliruka pembeni, akaachia mikate ikatawanyika, akatoa maneno ambayo mtu hutoa akinusurika.

Mkunga alifungua mkanda, akashuka, akaenda zake kwa miguu na viatu vyake vyeupe vya kazini, bila kufunga mlango.

Bi Breki alimsaidia mtu wa mikate kuokota, akamlipa iliyoharibika, akaahirisha masomo yote ya siku ile. Jioni aliandika: "Barabara ya nyuma ya posta. Mwanafunzi hakukosea." Kalamu ilisimama hewani kwa muda mrefu kabla ya neno la mwisho, ambalo lilikuwa halijawahi kuandikwa katika madaftari yote yale. "Sababu: mwalimu."

Dizeli alipopata habari alikuja mbio. "Dada, usijitese. Kila mtu husahau."

"Ndiyo, kila mtu. Mimi nilifikiri mimi si kila mtu." Alifunga daftari. "Nimesahau siku ya nne, Dizeli. Ya nne tu! Na nilisahau kwa furaha, sikuwa hata na haraka. Nikikinunua, nitakuwa na siku elfu za kukumbuka. Siwezi."

"Lakini umekipenda."

"Nimekipenda sana. Hayo ni mambo mawili."

Kesho yake alikwenda kituo cha afya. Alimkuta mkunga anapima uzito wa watoto, foleni ya akina mama imefika mlangoni. Alikaa kwenye benchi, akasubiri kama wengine, ingawa hakuwa na mtoto wa kupima. Zamu yake ilipofika, mkunga hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Mwalimu, nashukuru kwa yote. Lakini mimi sirudi."

"Sikuja kukurudisha. Nimekuja kukuomba radhi." Akamweleza kila kitu bila kujipunguzia: kifurushi, kitufe, vile alivyojua na akasahau. "Wewe ulikanyaga sawasawa. Gari ndilo lililokuwa tofauti, na niliyelibadilisha ni mimi. Nisingependa uishi ukidhani mguu wako ulikosea."

Mkunga alimvika mtoto nguo, akamkabidhi kwa mama yake. "Usiku kucha nilikuwa najiuliza nilikosea wapi," alisema taratibu.

"Hukukosea popote."

"Hata hivyo naogopa."

"Najua. Jumamosi njoo kiwanjani, lakini usikae kwenye usukani. Kaa mahali pangu. Mimi nitaendesha, breki itakuwa yako. Ukitaka nisimame, nitasimama, hata ukitaka kila baada ya hatua mbili."

Mkunga akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nikufundishe wewe?"

"Naona ninahitaji."

Jumamosi asubuhi mkunga alikuja, amekunja uso, mkoba ameukumbatia. Alikaa kiti cha mwalimu, akaweka mguu juu ya breki ya pili. Bi Breki alibonyeza kitufe cha upole, akamwonyesha kwa kidole kwamba amebonyeza, akaondoa gari. Baada ya mita kumi, mkunga akakanyaga. Wakasimama ghafla, vichwa vikaenda mbele.

"Samahani," mkunga alisema.

"Usiombe samahani. Ndiyo kazi yake."

Akakanyaga tena. Na tena. Bi Breki hakulalamika wala hakutoa hata pumzi ya kuchoka. Kila mara alianza upya kama ndiyo ya kwanza. Mara ya saba mkunga alikanyaga wakati gari limeshasimama, na wote wawili wakaangua kicheko. Baada ya mara ya kumi na moja wakazunguka kiwanja kizima bila breki hiyo kuguswa. Walibadilishana viti, mkunga akazunguka mara tatu, mikono imetulia kwenye usukani kama inavyotulia kazini kwake. Mara ya nne aliegesha, akazima gari.

"Mwalimu," alisema. "Hiyo kasi ikoje hasa?"

"Unataka kuiona?"

"Nataka nione kilichonitisha. Wewe uendeshe. Na breki nibaki nayo mimi."

Wakarudi kwenye viti vyao vya mwanzo. Safari hii Bi Breki hakubonyeza kitufe. Akamuuliza mara mbili kama yuko tayari, na alipoitikia mara ya pili, akakanyaga mpaka chini. Kilichomtoka mkunga kilikuwa kelele iliyoanza kama ya kuomba msaada na kuishia kama ya mtu harusini. Breki hakuigusa. Mwisho wa kiwanja alikuwa ameshika kifua, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Tena," alisema.

Siku ya kumi na nne Bi Breki alirudisha kifurushi. Muuzaji alimpokea kwa tabasamu la mtu anayeona sahihi inakuja.

"Umekionaje, mama?"

"Raha tupu. Sijawahi kupata kitu kama kile."

"Basi tuandike?"

"Hapana. Unaweza kukifunga kile kitufe cha upole kisijiondoe chenyewe?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Kwa sasa bado. Labda mwakani."

"Basi mwakani unipigie. Na jambo moja, mwanangu. Nimepima, na nimesoma mambo ya miaka thelathini na moja. Usiwaambie watu kwamba hiki kinaokoa maisha. Waambie kinafurahisha. Huo ni ukweli, na utauza vilevile."

Muuzaji alitaka kutabasamu, akashindwa, akaitikia kwa kichwa. Baadaye Dizeli alisikia kutoka kwa mteja wake kwamba bwana yule sasa huanza maelezo yake kwa kusema, "Mama mmoja mwalimu aliniambia kinafurahisha." Bi Breki aliposimuliwa hayo alisema tu, "Angalau."

Mkunga alianguka mtihani wa kwanza kwenye kurudi nyuma. Hakulia. Alirudi kiwanjani wiki mbili akirudi nyuma tu, akarudi nyuma mpaka Dizeli akamtania kwamba ataota macho kisogoni. Mtihani wa pili alifaulu.

Mwezi uliofuata, Bi Breki alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa vya shule, anasubiri mwanafunzi mpya, alipoliona gari dogo la kituo cha afya likija. Kwenye usukani alikuwa mkunga, na nyuma mama mmoja aliyeshika tumbo kwa mikono miwili. Lori liliwafuata kwa karibu, likipiga honi kwa hasira, linataka njia. Mkunga hakuongeza mwendo wala hakuyumba. Alibaki upande wake, akalipisha lori pale barabara ilipopanuka, akaendelea. Hakumwona mwalimu wake, na mwalimu hakumpungia mkono, maana alijua vizuri salamu barabarani zinafanya nini. Alisimama tu, akalisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona ya hospitali, indiketa imewashwa mapema kabisa, kama inavyotakiwa.